Kuongeza Nguvu ya Gari: Kifurushi cha Mtengenezaji au Kutyuni kwa Fundi Huru? Mwongozo Kamili

Wanaotaka gari lenye nguvu zaidi huanza na swali ambalo halistahili kuwa la kwanza: litapata nguvu farasi ngapi? Programu mpya ya kompyuta ya injini inalipiwa, gari linatoka gereji likichomoka vizuri, kisha klachi inaanza kuteleza, wakala anakataa madai ya waranti, au kampuni ya bima inauliza kwa nini mabadiliko hayakutajwa. Kosa hili hujirudia kwa sababu watu hulinganisha namba mbili za kwenye tangazo. Kinachopaswa kulinganishwa ni gharama mbili kamili, pamoja na jibu la nani atalipa kitu kikivunjika.

Kifurushi cha mtengenezaji ni programu au vifaa vilivyoidhinishwa na kampuni iliyounda gari na kufungwa na wakala wake: Polestar kwa Volvo, M Performance kwa BMW, TRD kwa Toyota, Mountune kwa baadhi ya Ford. Kutyuni huru ni kazi ya fundi au kampuni isiyobeba jukumu lolote la waranti ya gari lako. Kati ya njia hizi mbili hakuna iliyo bora kwa kila gari. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Tano za kwanza hazihitaji ununue kifaa chochote cha kuongeza nguvu.

## Vinavyohitajika

- Namba ya chesisi, kijitabu cha waranti, hati ya bima na rekodi zote za sevisi.
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kupitia soketi ya OBD-II. Kiwe kinaweza kurekodi data gari likitembea. Cha kusoma kodi za hitilafu peke yake hakitoshi.
- Geji ya kompresheni, na ikiwezekana kipima uvujaji wa silinda kinachotumia hewa ya kompresha.
- Plagi mpya, filta mpya ya hewa, na oili ya daraja linalotakiwa na kitabu cha gari.
- Chaja ya betri inayoweza kushikilia volti bila kushuka kwa saa nzima.
- Nafasi kwenye daino, yaani mashine ya kupimia nguvu, kabla na baada ya kazi.
- Karatasi yenye safu mbili: moja ya mtengenezaji, moja ya fundi huru.

## Hatua ya 1: Amua unataka nguvu ya namna gani

Torki ndiyo inayosukuma gari kutoka mizunguko ya chini. Nguvu ndiyo inayolikimbiza juu. Uhusiano wake ni huu: kilowati = torki (Nm) × mizunguko kwa dakika ÷ 9549. Torki ya Nm 350 kwenye mizunguko 2500 ni kama kW 92. Torki hiyohiyo kwenye mizunguko 5500 ni kama kW 202.

Gari la kila siku, la kupanda miinuko na kupita malori, linahitaji torki ya chini na ya kati. Gari la uwanja wa mbio linahitaji nguvu ya juu. Ukimwambia fundi "niongezee nguvu" bila kutofautisha hayo, atakupa torki kubwa ya chini kwa sababu dereva huihisi haraka. Torki hiyo ndiyo inayotelezesha klachi na kupinda konrodi, kwani shinikizo ndani ya silinda linakuwa kubwa wakati pistoni bado inakwenda polepole.

Angalia pia aina ya injini. Injini ya petroli yenye turbo mara nyingi hupata ongezeko la asilimia 20 hadi 30 kwa programu peke yake. Isiyo na turbo mara nyingi haifiki hata asilimia 10. Kama yako haina turbo wala supachaja, ushauri wetu ni kuacha programu kabisa na kupeleka pesa kwenye tairi, breki na shokapu. Utaenda kasi zaidi kwenye kona, na injini itabaki salama.

Tahadhari ya vipimo: kW 100 ni sawa na PS 136, au hp 134. Tangazo moja likitumia PS na jingine hp, badili zote ziwe kilowati kabla ya kulinganisha.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika sentensi moja: "Nataka torki zaidi kati ya mizunguko 2000 na 4000, injini yangu ni ya turbo, na lengo langu ni kW kadhaa."

## Hatua ya 2: Pima afya ya injini kabla ya jambo lolote

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayogharimu zaidi. Programu haitibu ugonjwa, huuharakisha. Silinda iliyochoka inaweza kuvumilia presha ya kiwandani kwa miaka, kisha ikafa haraka presha ya turbo inapoongezwa.

Kompresheni. Pasha injini hadi joto la kawaida, izime, toa plagi zote. Kata mafuta na umeme wa koili, kisha fungua njia ya hewa kwa kukanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho. Zungusha kwa stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda na uandike namba. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Silinda ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha oili ndani yake na upime tena: namba ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, shuku vali au gasketi.

Usitumie geji ya petroli kwenye dizeli. Kompresheni ya dizeli ni zaidi ya mara mbili ya ile ya petroli, na geji inaweza kupasuka mkononi.

Uvujaji. Chini ya asilimia 10 ni vizuri. Ikizidi 20, simamisha mpango. Sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye kifuniko cha oili ni ringi, kwenye ekzosti ni vali ya kutolea moshi, kwenye njia ya hewa ni vali ya kuingizia, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi.

Data ya barabarani. Kwenye daino au barabara iliyofungwa, rekodi mwendo mmoja wa gia ya tatu, pedali hadi mwisho, kutoka mizunguko 2000 hadi karibu na kikomo. Rekodi presha ya turbo iliyoombwa na iliyopatikana, presha ya mafuta iliyoombwa na iliyopatikana, joto la hewa inayoingia, uwiano wa hewa na mafuta, na marekebisho ya taiming, yaani wakati wa cheche, kwa kila silinda. Ikiwa presha ya mafuta tayari inashuka chini ya iliyoombwa gari likiwa bado la kiwandani, pampu imefika mwisho na haina akiba ya kukupa.

Umefaulu ikiwa silinda zote zinakaribiana, hakuna kodi za hitilafu, na faili ya data ya gari la kiwandani imehifadhiwa. Bila faili hiyo hutaweza kuthibitisha baadaye kama kazi ilisaidia au iliharibu.

## Hatua ya 3: Tafuta kiungo dhaifu

Injini mara nyingi huwa na akiba. Giaboksi mara nyingi haina. Tafuta jina la giaboksi yako, siyo jina la gari. Giaboksi ya otomatiki ya ZF 8HP45 imekadiriwa kwa takriban Nm 450. Giaboksi ya DQ200 ya Volkswagen, yenye gia saba na klachi kavu, imekadiriwa kwa Nm 250. Programu ya injini inayotoa Nm 320 kwenye DQ200 inaweza kufanya kazi vizuri siku ya kwanza. Klachi zitalipa baadaye. Kwa giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua, kuwa mwangalifu zaidi: mkanda ukiteleza mara moja huacha mkwaruzo kwenye puli, na mkwaruzo huo hauponi.

Kipimo cha klachi ya gari la manyuo (gia za mkono). Gari likiwa na joto, weka gia ya nne au ya tano, shuka hadi mizunguko 2000 hivi, kisha kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikiruka juu bila kasi kuongezeka, klachi imeshachoka. Andika bei ya klachi mpya kwenye karatasi yako sasa hivi.

Linganisha namba za vipuri. Injini moja huuzwa kwa viwango kadhaa vya nguvu, na wauzaji wa programu hupenda kusema kwamba tofauti ni programu peke yake. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi siyo. Golf GTI na Golf R za kizazi cha saba zote zina injini ya EA888 ya kizazi cha tatu, lakini GTI ina turbo ya IS20 na R ina IS38 iliyo kubwa zaidi. Fungua katalogi ya vipuri, tafuta toleo lenye nguvu zaidi la injini yako, kisha linganisha namba za turbo, pistoni, injekta, pampu ya mafuta, rejeta na intakula (kipoza hewa kinachotumika na turbo). Zikilingana zote, ongezeko lililofika kiwango cha toleo hilo lina msingi. Zisipolingana, umeshajua mtengenezaji aliona nini kingevunjika.

Breki na tairi. Oili ya breki ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishafyonza maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Oili ambayo umri wake haujulikani ibadilishwe. Kwenye tairi, soma herufi ya kasi: H ni km/h 210, V 240, W 270, Y 300. Gari likivuka kasi ya tairi zake, tairi mpya ni sehemu ya gharama.

## Hatua ya 4: Soma karatasi, kisha uliza kwa maandishi

Watu wengi huamini kwamba fundi akirudisha programu ya awali kabla ya sevisi, wakala hatajua. Imani hii imewagharimu wengi injini nzima. Kompyuta ya injini hutoa namba ya programu, CAL ID, na namba ya uthibitisho, CVN, inayokokotolewa kutoka kwenye programu yenyewe. Kompyuta nyingi pia huhesabu mara zilizopakiwa programu. Katika magari ya kundi la Volkswagen, gari likigundulika huwekewa alama ya TD1 kwenye kumbukumbu za kampuni, na alama hiyo haifutiki kwa kurudisha faili ya zamani.

Mwandikie wakala barua pepe yenye maswali haya manne:

1. Je, kuna kifurushi kilichoidhinishwa kwa namba hii ya chesisi, na kuna kikomo cha umri au kilomita?
2. Kikifungwa, waranti ya injini, turbo na giaboksi inabaki ileile hadi mwisho wake, au inafupishwa?
3. Kompyuta ikipokea programu mpya wakati wa sevisi, kifurushi kitabaki au kitafutika?
4. Nikifunga kifaa kisichoidhinishwa, ni sehemu zipi hasa za waranti zitakataliwa?

Jibu la mdomo halina kazi. Usipojibiwa kwa maandishi, hesabu kwamba jibu ni baya.

Kisha bima. Mabadiliko ya programu ni mabadiliko ya gari hata kama hayaonekani kwa macho. Yataje yote, ya mtengenezaji na ya fundi huru, na uombe hati mpya inayoyataja.

Mwisho, sheria za unakoendesha. Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamzuia mtoa waranti kuikataa kwa sababu tu kuna kifaa cha nje, lakini haimlazimishi kulipia kilichoharibiwa na kifaa hicho. California hudai namba ya idhini ya CARB, mamlaka ya hewa safi ya jimbo hilo, kwa vifaa vinavyogusa mfumo wa moshi. Ujerumani, badiliko lisilo na hati ya idhini linaweza kufuta kibali cha gari kutembea barabarani. Uingereza, tangu Februari 2014, gari la dizeli lililoundwa na filta ya masizi hushindwa ukaguzi wa MOT ikionekana imeondolewa. Kwingineko, uliza mamlaka ya ukaguzi kabla ya kulipa. Kung'oa masega (kisafisha moshi cha ekzosti) au filta ya masizi hatukushauri popote: watu wengine ndio wanaovuta huo moshi.

## Hatua ya 5: Jaza karatasi ya gharama kamili

Safu ya mtengenezaji: bei ya kifurushi, kazi ya kufunga, na tairi au breki kama kifurushi kinazidai.

Safu ya fundi huru: programu, plagi, filta, daino mara mbili, ongezeko la bima, klachi kama Hatua ya 3 imeonyesha hivyo, na akiba ya dharura inayotosha kununua turbo moja na kuifunga. Akiba hiyo ndiyo waranti yako mpya. Asiyeweza kuitenga hana uwezo wa kutyuni bado, hata kama anaweza kulipia programu leo.

Gawa jumla ya kila safu kwa kilowati zinazoongezeka. Hapo ndipo programu iliyoonekana nafuu mara nyingi hupoteza unafuu wake.

Usidhani pia kwamba cha mtengenezaji ni kidogo siku zote. Kifurushi cha Mountune MP215 cha Fiesta ST kilipandisha injini kutoka PS 182 hadi 215, na torki kutoka Nm 240 hadi 320, kwa programu na sehemu za njia ya hewa, waranti ya Ford ikibaki kikifungwa na wakala. Torki imepanda kwa theluthi moja. Tofauti ni kwamba aliyeidhinisha ndiye anayebeba hasara.

Uamuzi wetu ni huu. Gari likiwa ndani ya waranti na kifurushi cha mtengenezaji kikiwepo, chukua hicho. Gari likiwa ndani ya waranti na kifurushi hakipo, subiri waranti iishe. Gari likiwa nje ya waranti, lenye turbo, likiwa limefaulu Hatua ya 2 na akiba ipo, fundi huru mzuri atakupa zaidi kwa kila pesa utakayotoa. Gari lililofeli Hatua ya 2 litengenezwe kwanza.

## Hatua ya 6: Ukichagua kifurushi cha mtengenezaji

Kazi ni fupi. Hakikisha namba ya kifurushi inalingana na namba ya chesisi, kwa kuwa gari la aina moja linaweza kuwa na kompyuta tofauti kwa mwaka tofauti. Soma CAL ID na CVN kabla na baada ya kazi, uzihifadhi. Dai ankara yenye namba ya kifurushi, tarehe, kilomita na muhuri wa wakala.

Umefaulu ikiwa CAL ID imebadilika na ankara ipo mkononi. Ankara inayosema "sevisi" tu irudishwe iandikwe upya.

## Hatua ya 7: Ukichagua fundi huru

Chuja fundi kabla ya kumwachia ufunguo. Muulize: utasoma faili ya gari langu mwenyewe na kunipa nakala? Utaandika kwa petroli ya oktani gani? Utarekodi data baada ya kupakia na kurekebisha faili? Kikomo chako cha torki kwa giaboksi hii ni Nm ngapi? Asiyejua jibu la swali la mwisho anauza faili moja kwa magari yote.

Epuka visanduku vinavyochomekwa kati ya sensa na kompyuta. Huidanganya kompyuta kuhusu presha ya turbo au ya mafuta, na kompyuta iliyodanganywa haiwezi kulinda injini ipasavyo.

Kupakia. Badilisha kwanza plagi, oili na filta. Kwa presha kubwa zaidi, plagi huhitaji daraja moja la baridi zaidi (inayopoteza joto haraka zaidi) na mwanya mdogo zaidi, mara nyingi mm 0.6 hadi 0.7, ili cheche isizimwe. Unganisha chaja inayoshikilia volti, zima taa, redio na feni. Volti ikishuka katikati ya kupakia, faili hukatika na kompyuta inaweza kukataa kuwaka hadi ifunguliwe mezani. Hifadhi faili ya awali sehemu mbili tofauti.

Petroli. Programu iliyoandikwa kwa petroli ya RON 98 (RON ni kipimo cha oktani) isiendeshwe kwa RON 91. Injini itagonga, kompyuta itarudisha taiming nyuma, na nguvu uliyolipia itapotea huku joto likipanda.

Rekodi upya mwendo uleule wa Hatua ya 2, na uangalie:

- Uwiano wa hewa na mafuta: pedali ikiwa chini, lambda (kipimo cha uwiano huo, ambapo chini ya 1.0 mafuta ni mengi) ya petroli yenye turbo huwa karibu 0.80 hadi 0.88. Ikikaribia 1.0 chini ya mzigo mkubwa wakati programu iliomba mchanganyiko mzito, ondoa mguu mara moja.
- Taiming: silinda moja ikirudishwa nyuma kila mara huku nyingine zikitulia, kuna tatizo la plagi, injekta au joto kwenye silinda hiyo.
- Presha ya mafuta ifuate iliyoombwa hadi mizunguko ya juu, na injekta zisifunguke zaidi ya asilimia 85 hadi 90 ya muda wake.
- Joto la hewa inayoingia: likipanda sana ndani ya mwendo mmoja, intakula imezidiwa. Usiongeze presha, boresha intakula.

Injini ndogo za turbo zenye sindano ya mafuta ya moja kwa moja ndani ya silinda zina hatari yake: mafuta huweza kuwaka kabla ya cheche kwenye mizunguko ya chini na mzigo mkubwa, na mlipuko huo huvunja pistoni. Tumia oili yenye alama ya API SP kama kitabu cha gari kinairuhusu, na usikanyage mafuta yote chini ya mizunguko 2000 ukiwa gia ya juu.

## Hatua ya 8: Thibitisha, kisha fuatilia

Rudi kwenye daino ileile, gia ileile, tairi zenye upepo uleule, na kanuni ileile ya kusahihisha hali ya hewa. Pima mara tatu. Tofauti ya asilimia 2 au 3 ni ya mashine, siyo ya kazi uliyofanyiwa. Kumbuka pia kwamba nguvu ya kwenye magurudumu ni ndogo kuliko ya kwenye injini, mara nyingi kwa asilimia 12 hadi 20. Chati moja ya magurudumu na nyingine ya injini hazilinganishwi.

Kwa kilomita 1000 za kwanza, kagua oili na maji kila wiki na usome kodi za hitilafu kila unapojaza mafuta. Fupisha muda wa kubadilisha oili.

Dalili na chanzo chake:

- Gari linakwama-kwama kwenye mzigo mkubwa: mwanya wa plagi ni mkubwa au koili imechoka.
- Nguvu inakatika ghafla na taa inawaka: presha ya turbo imepita kikomo, au bomba la hewa limechomoka.
- Mizunguko inapanda bila kasi: klachi. Punguza torki leo, usisubiri inuke moshi.
- Moshi wa bluu baada ya kushuka mteremko: oili inapita kwenye sili za vali au kwenye turbo. Rudia vipimo vya Hatua ya 2.
- Mlio wa kugonga kama kokoto kwenye bati: rudisha faili ya kiwandani siku hiyohiyo, kisha tafuta chanzo.

Vipuri vya awali vifungwe vizuri na kuhifadhiwa pamoja na faili ya kiwandani, chati za daino na ankara. Ukiuza gari, mkabidhi mnunuzi vyote na umweleze kwa maandishi kilichobadilishwa, maana yeye ndiye atakayejaza petroli kesho na anahitaji kujua ni ya oktani gani.